Abiria Wote Waambiwe Ukweli

SAFARI ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni fupi mno. Masafa yake hayazidi kilomita 80, na ndege ya mapangaboi hukaa angani kiasi cha dakika 20 tu. Hata hivyo abiria hutakiwa kuwasili uwanjani mapema sana, na ndege ikikawia, huweza kuketi hapo kwa muda ambao angekwisha kuvuka kwa boti. Anayetaka kupima huduma ya safari hizi fupi, basi, na aanze kuipima ardhini.

Hapana shaka Taifa letu limejitahidi. Jengo la Pili la abiria la uwanja wa Dar es Salaam, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, lilianza kutumika mwaka 1984. Jengo la Tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, lilizinduliwa mwaka 2019. Shirika la Ndege la Taifa, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lilipata uhai mpya mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, kila moja ikichukua abiria 76. Haya ni matunda ya jasho la wananchi, na ni haki yetu kuyaonea fahari.

Hivi karibuni tulipita katika ukumbi wa mapumziko ya abiria wa daraja la juu, katika uwanja mmoja wa nchi yetu. Viti vyake ni laini, kiyoyozi kinafanya kazi, chai na vitafunio vipo, na vyoo ni safi. Hatuna chuki na ukumbi huo. Anayelipa zaidi apate kiti laini zaidi. Hiyo ni biashara halali. Lakini humo tuliona kitu kimoja kisichostahili kuuzwa, nacho ni habari. Ndege ilipokawia, mhudumu alimwendea kila abiria akamweleza saa mpya ya kuondoka. Nje, katika ukumbi wa watu wote, ubao uliendelea kuonyesha saa iliyokwisha kupita, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa maneno yale yale yaliyochakaa: "sababu za kiufundi."

Ni nani hao wanaoketi nje? Ni mgonjwa mwenye miadi Muhimbili, mwanafunzi anayewahi mtihani, mfanyabiashara wa Kariakoo, na mtu aliyefikwa na msiba. Aliyefiwa akiambiwa ukweli mapema, ataikimbilia bandari na huenda akawahi kumzika mzazi wake. Akifichwa, atakuja kutanabahi wakati boti ya mwisho imekwisha kung'oa nanga.

Asije mtu akadhani kuwa tunadai haraka. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba, 2022, iliyotokea katika hali mbaya ya hewa na kuchukua roho za watu 19, bado imo nyoyoni mwetu. Rubani anayesubiri mvua ipite anastahili shukrani, siyo lawama. Twajua pia kwamba ndege moja huzunguka mikoa kadhaa kwa siku, hivyo ikikawia Mwanza asubuhi, abiria wa Unguja huweza kuona athari yake jioni. Yote hayo yanaelezeka kwa Kiswahili chepesi, tena kwa dakika moja. Kuchelewa ni kawaida ya vyombo. Kuwanyamazia watu ni dharau.

Angani hatuna budi kutoa sifa. Kwa muda ule mfupi wahudumu huonyesha namna ya kufunga mkanda na kuvaa boya, huyaeleza hayo kwa Kiswahili fasaha, hukagua viti vyote, na kuwateremsha abiria kwa heshima. Wanaoyamudu hayo yote hawawezi kushindwa na tangazo la ardhini.

Kila abiria, awe wa mbele au wa nyuma, hulipa ada ya huduma ya uwanja ndani ya tiketi yake. Na tiketi ni ahadi, na ahadi ni deni. Mdaiwa muungwana humwendea mdai wake kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo tunayataka mashirika yote ya ndege yatangaze kila nusu saa sababu ya kuchelewa na saa mpya ya kuondoka, yakianzia katika ukumbi wa watu wote. Abiria asiyeweza kusubiri aelekezwe mara moja dirisha la kudai nauli yake. Na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyokabidhiwa dhamana ya kusimamia huduma hizi, iwatume maofisa wake wakaketi nje, pamoja na wananchi, wajionee wenyewe.