Tutembee Polepole, Tutembee Pamoja



Tumezoea kuwaandikia juu ya maji safi, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu mtuvumilie, maana tutawapeleka mbali kidogo, hadi kaskazini mwa Uingereza, kisha tutarudi katika kliniki yetu ya shinikizo la damu na kisukari.

Huko Uingereza kuna kisiwa kiitwacho Lindisfarne, ambacho wengi hukiita Kisiwa Kitakatifu. Mtakatifu Aidan, mmonaki aliyetoka Iona, alianzisha monasteri yake pale mwaka 635. Mara mbili kila siku bahari hujaa ikakitenga na bara, na mara mbili hupwa. Siku hizi iko barabara ya magari, lakini mahujaji bado hupita njia ya zamani ya mchangani, kama kilomita 5, iliyowekewa nguzo ndefu ili mtu asipotee. Tuliipita wauguzi wawili, tukiongozwa na Sista mmoja mstaafu aliyeuguza nasi hospitalini kwa miaka mingi. Umri wake umepita miaka 70, ana presha, na hutembea na fimbo.

Sisi tulitaka kwenda mbio kama tulivyozoea wodini. Sista akatazama jedwali la maji kupwa na kujaa, akatazama saa yake, akasema muda upo wa kutosha, basi asitangulie mtu. Tukafuata mwendo wake. Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu, nalo lilikuwa baridi ajabu. Mbali kwenye fungu la mchanga walilala wanyama wa baharini waitwao sili, na sauti yao ilitufikia kama ya wanawake wanaolia msibani kijiji cha pili. Katika saa zile mbili na nusu Sista alitueleza mambo ambayo hakuwahi kutuambia kwa miaka yote tuliyokunywa naye chai. Alisema mwaka ule wa kwanza aliporudi kwao, zilipita siku tatu pasipo mtu kumwita jina lake.

Tulishangaa, maana kwetu mtu akikohoa jirani hubisha hodi. Lakini upweke kule ni jambo zito kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilimteua waziri wa kulishughulikia. Daktari wa Sista hakumwondolea vidonge vya presha, bali alimwongezea kitu kingine: alimwelekeza kwa mtumishi ambaye kazi yake ni kuwaunganisha wagonjwa na vikundi vya karibu nao. Sista akapata kikundi cha watu wanaotembea pamoja mashambani kila wiki, wakati wa jua na wakati wa mvua. (Mvua ndiyo nyingi, tunawahakikishia.)

Jambo hili ni la kale kuliko hospitali. Mtakatifu Beda, aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anaeleza kwamba Aidan alipenda kwenda kwa miguu, apate kuzungumza na kila aliyekutana naye njiani, tajiri au maskini. Mfalme Oswin alimpa farasi mzuri, naye akampa maskini wa kwanza aliyemwomba sadaka. Mfalme alikasirika, kisha akaomba msamaha. Beda huyo huyo anasimulia habari za Mtakatifu Cuthbert wa Lindisfarne na rafiki yake Herbert, padre aliyeishi peke yake kisiwani katika ziwa Derwentwater. Herbert alimwendea Cuthbert kila mwaka wakaongea mambo ya roho. Walipoonana mara ya mwisho Herbert alilia na kuomba wasitenganishwe, nao wakafariki siku moja, tarehe 20 Machi 687.

Sasa tuje kwenye utabibu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi. Makondakta walionekana kupata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Leo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili ya wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mwendo ambao kijana anauona ni wa kobe, kwa bibi yake ndio huo wa wastani.

Hapa sisi wauguzi tunakiri kosa. Kwa miaka mingi tumemwambia mgonjwa wa presha, "Mama, fanya mazoezi," kama tunavyomwambia ameze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kisha tukaita namba inayofuata. Akirudi mwezi ujao hajafanya lolote, tunamgombeza. Hatukumwuliza atatembea na nani.

Mtasema kwamba kutembea kwetu si starehe. Ni kweli, na mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka mtoni hatumwambii aongeze mwendo. Yeye anahitaji bomba. Tunasema na wale ambao bodaboda huwachukua mlangoni na kuwashusha kanisani, na wazee waliobaki nyumbani kwa sababu vijana wanatembea haraka mno. Nauli si kipimo cha heshima. Jumuiya ndogo ndogo ingeweza kwenda Misa pamoja kwa miguu, na anayekwenda polepole kuliko wote akawekwa mbele.

Lakini viatu vivaliwe. Kule Walsingham, mahali pengine pa hija Uingereza, mapokeo yanasema mahujaji wa kale walivua viatu kwenye kikanisa kimoja wakaenda pekupeku mwendo wa mwisho, kama kilomita moja na nusu. Ni ibada nzuri kwa mwenye miguu mizima. Mwenye kisukari miguu yake huweza kufa ganzi. Tulimpokea baba mmoja aliyekwenda hija pekupeku kwa moyo wote. Kijiwe kilimkata hakusikia kitu, na alipoletwa kwetu wiki mbili baadaye kidole kilikuwa cheusi. Tulikikata. Padre asingemdai toba hiyo, na sisi hatukuwa tumemwonya.

Anayebanwa kifua au kuishiwa pumzi anapotembea aje kwetu kwanza. Dawa za presha na sukari ziendelee kama zilivyoandikwa.

Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, baada ya Misa ya asubuhi, tutakuwa mlangoni mwa kanisa tukipima presha, kisha tutatembea hadi kigangoni na kurudi. Wenye kisukari mje na viatu vyenu vya kila siku, tuvitazame ndani kama vina msumari au mshono unaokwaruza.