Jikleri haitobolewi kwa waya: abiria wa mlimani wanalipia moshi

Baraka, Fizi. – Kila nauli ya pikipiki inapoongezwa kwa wanaopanda kutoka Baraka kwenda Fizi-Centre, Lubondja na Minembwe, jibu la wamotari ni moja: esansi imekuwa ghali. Ghali ni kweli. Lakini sehemu ya esansi hiyo haisukumi pikipiki hata mita moja. Inatoka kwenye bomba kama moshi mweusi, na anayeilipia ni mama aliyekimbia vita na watoto wawili na kifurushi kimoja, ambaye pesa ya safari ameipata kwa kuuza unga aliogawiwa. Wamotari hawatafurahi kusikia haya. Sawa, wasifurahi.

Kabureta, au karibirateri kama tunavyoiita hapa, ina kazi moja: kuchanganya esansi na hewa. Kwa kila kilo moja ya esansi, injini inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Esansi inapitia kwenye jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, na tundu hilo halijui kama uko Baraka au Minembwe. Hewa ndiyo inayobadilika. Sisi tuko kando ya ziwa, na maji ya Tanganyika yako kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Minembwe iko juu ya mita 2,000. Kule hewa ni nyepesi kuliko ya hapa kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana pikipiki iliyokuwa inaimba vizuri sokoni Baraka inaanza kukohoa ikishaipita Lubondja: esansi imezidi hewa. Nguvu inapungua mahali hasa ambapo mlima unaidai. Motari anazidisha mafuta, moshi unaongezeka, kisha abiria anaambiwa ashuke atembee, naye alilipa nauli kamili.

Na fundi anafanya nini? Hapa ndipo penye ugomvi wangu. Pikipiki ikikosa nguvu, wengi wa mafundi wetu wanatoa jikleri na kuipanua kwa waya: waya wa breki, waya wa gitaa, sindano ya kushonea, chochote kilicho mezani. Wazo lao ni kwamba injini ina njaa, ilishwe. Mlimani injini haina njaa. Imeshiba kupita kiasi na inakosa pumzi. Tena tundu la duara lina hesabu yake. Jikleri yenye tundu la milimita 1 ikipanuliwa hadi milimita 1.1, tofauti ambayo ni kama unene wa unywele mmoja, njia ya esansi inaongezeka kwa asilimia 21. Unywele mmoja, na zaidi ya sehemu moja ya tano ya esansi imeongezwa kwenye mzigo wa abiria! Isitoshe, waya hauachi duara safi, unaacha mikwaruzo, na shaba iliyokwaruzwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Esansi iliyozidi haiishii kwenye moshi. Inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka na kuchanganyika na oili ya injini, na vyuma vinasagana. Baadaye utamsikia mwenye pikipiki akilalamika kwamba TVS za siku hizi hazidumu.

Wapo wanaokosea upande wa pili, na hao wananitisha zaidi. Anayeishi juu milimani amefunga jikleri ndogo, inamfaa huko, halafu anashuka na mgonjwa kuja hospitali ya Baraka bila kubadilisha kitu. Kadiri anavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito, esansi inabaki ileile kidogo, na injini inachemka. Kwa zile Yamaha AG 100 za zamani ambazo misheni na mashirika yamezitumia miaka mingi, injini za mipigo miwili, pistoni inaweza kunata kwenye silinda kwa ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga lenyewe. Fikiri mteremko, mvua, na mama mjamzito amekaa nyuma.

Dawa inaingia kwenye mfuko wa shati. Ni jikleri mbili halali zenye namba, moja ya kando ya ziwa na moja ya mlima. Kama huku chini pikipiki inatumia 100, juu ijaribiwe 95, kisha 92. Kuzibadilisha ni kufungua bakuli la chini la kabureta kwa bisibisi, na fundi mwenye mkono mzuri hachukui muda mrefu. Ila angalia: Keihin na Mikuni hawapimi namba kwa njia moja, kwa hiyo 100 ya huyu si lazima iwe 100 ya yule. Asiye na jikleri ya pili ashushe sindano ya kabureta kwa kupandisha klipu yake ngazi moja. Esansi itapungua kwenye mwendo wa kati, na barabara zetu zina mwendo gani mwingine? Kisha bujia itoe ushahidi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, esansi imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, imepungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, funga uende.

Nitajibiwa kwamba tatizo ni barabara, ni vizuizi, ni kadafi wanaouza esansi mbaya kwenye chupa. Yote ni kweli, na tumeyasema hapa mara nyingi. Lakini kizuizi cha barabarani hakifunguliwi kwa bisibisi, kabureta inafunguliwa. Hata hiyo esansi yenye maji: maji ni mazito, yanakaa chini ya bakuli, na chini ya bakuli pana skrubu ya kuyatolea. Waulizeni wamotari watano kama wanaijua. Na filtre ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi ni kama mkono uliowekwa juu ya pua ya injini. Wanaoitoa na kuitupa wanapata kelele nzuri kwa muda, kisha vumbi linasaga silinda.

Nisimtwike motari peke yake. Anayepokea versma ya kila siku ni mwenye pikipiki. Kabureta ikifa, ananunua ya kuiga, ya bei ya chini kuliko zote, jikleri yake haina hata namba, na versma inabaki palepale. Jikleri ni gharama ya chombo kama mpira wa gurudumu. Iwe juu yake, isiwe juu ya abiria.

Na vijana wanaotamani kabureta kubwa za mashindano kwenye injini ya 125, ili wasikike kabla hawajaonekana? Koo la kabureta likiwa kubwa mno, hewa inapita polepole na hainyonyi esansi vizuri kwenye mwendo mdogo. Hiyo ni mashine ya uwanja ambapo injini haipumziki. Wakitaka somo la mashindano, walitafute Pikes Peak huko Marekani, ambako tangu 1916 watu wanashindana kupanda mlima. Siku hizi njia inaanzia mita 2,862 na kuishia mita 4,302. Mwenye pikipiki ya zamani ya kabureta anayefika pale anachagua jikleri kwa kuangalia urefu wa mlima, kwa sababu mchanganyiko unaofaa chini utailewesha injini juu.

Vyama vya wamotari, na mashirika yanayokodi pikipiki kupeleka misaada kwa wakimbizi wa ndani, wana pesa ya fulana na kofia. Basi wanunue pia kisanduku cha jikleri zenye namba, kiwekwe Lubondja kabla ya mlima, pamoja na fundi aliyefundishwa kuzisoma. Kabla hilo halijafanyika, abiria anayeongezewa nauli kwa sababu ya esansi ana haki ya kumwambia motari: kaka, fungua bujia kwanza, tuione rangi yake.