Akili ya mtoto haianzii ubaoni

Kuna neno moja lenye kuniuma kila mara ninalisikia hapa Kashuga: "Huyu mtoto hana akili." Mwalimu analisema, mzazi anaitikia, na mtoto mwenyewe anaamini. Mimi nakataa.

Sisi wenye kusoma pedagojia tulifundishwa Jean Piaget, yule Mswisi (1896-1980). Alisema akili inapanda kwa ngazi: hadi miaka 2, hadi miaka 7, hadi miaka 11 ao 12, kisha mbele. Ni vema. Lakini wengi wetu tuligeuza ngazi hizo kuwa fimbo: mwenye kuchelewa kujibu kwa Kifaransa, basi ni mjinga. Kumbe huyo huyo siku ya soko anapima maharagi na kurudisha makuta ya mnunuzi bila kukosea. Shida ni akili, ao ni luga?

Mwaka 1979 Robert Serpell alionyesha jambo hilo. Watoto wa Zambia waliwashinda wale wa Uingereza kwa kuiga mifano kwa waya. Wa Uingereza nao wakawashinda kwa kuchora. Kila mtoto anaonyesha akili pale mikono yake imezoea.

Turudi kwetu. Wanyanga wa Walikale wana hadisi ya Mwindo, ambayo Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema. Je, wazee waliishia hapo? Hapana! Alipoua joka, rafiki ya Nkuba mwenye radi, alipelekwa juu mwaka mzima, akapigwa na baridi, mvua na jua, mpaka akajifunza kujizuia. Maana yake: kusema mapema si kukomaa.

Lakini tusijisifu. Tunasema "mtoto hasemi mbele ya wakubwa", na swali lake tunalizima kwa kofi. Tena vita ilitutawanya, jamaa zikalala kambini, na mafumbo ya jioni yakapungua. Nani atawasha tena ule moto?

Njo maana nadai mambo matatu. Mwalimu wa mwaka wa kwanza na wa pili afasirie somo kwa luga ambayo mtoto anaisikia. Mzazi ajibu hata swali moja kila jioni. Na lile neno "hana akili" tulizike, sisi wakubwa wa kwanza.