Mtaa upimwe afya kabla ya kujengwa upya

Serikali inapotaka kujenga nyumba mpya katika mtaa wa mabanda, watu wa kwanza kufika huwa ni wale wenye ramani, kamba na mikebe ya rangi. Hupima kiwanja, huhesabu milango, huandika nambari kwenye mabati kisha huenda zao. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haimtazami mgonjwa.

Chukua chumba cha kawaida cha Kibera au Mukuru, futi 10 kwa 10. Humo hulala baba, mama na watoto, na humo humo stovu ya mafuta taa huwashwa jioni mlango ukiwa umefungwa. Mara nyingi dirisha hakuna. Mwenye ploti atakuambia dirisha huleta wezi, na sina la kumjibu kwa sababu wezi wapo. Lakini viini vya kifua kikuu huenea hewani mgonjwa anapokohoa, na hudumu zaidi mahali kama hapo pasipo upepo wala jua. Dirisha halitibu kifua kikuu, ila huwapunguzia hatari wanaolala na mgonjwa.

Utasema nyumba za orofa zitaondoa hayo yote. Si lazima. Nenda Pipeline, kule Embakasi, ujionee. Nyumba ni za mawe na saruji, orofa sita, saba na zaidi, lakini zimebanana hata wapangaji wa orofa za chini huwasha taa adhuhuri. Mtoto asiyeota jua huweza kukosa vitamini D akapata matege. Majumba hayo ni ya watu binafsi, si ya serikali, lakini jua halichagui mwenye nyumba.

Msongamano nao huhamia kwenye saruji. Itakumbukwa kwamba Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda huko Lang'ata ili mtaa wao ujengwe upya. Familia kadhaa zilitiwa katika nyumba moja, kila moja na chumba chake, jiko na choo vikawa vya wote. Anayepanga bila kuuliza mfuko wa mpangaji unaweza nini asishangae akikuta vitanda sebuleni.

Mfano mwema tunao hapa hapa Nairobi. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Humo mna familia zaidi ya 100,000. Wakazi wenyewe, kupitia Muungano wa Wanavijiji, walishiriki kukusanya habari: maji hununuliwa wapi na kwa bei gani, choo kiko umbali gani, wangapi hukitumia. Afya iliwekewa kikundi chake cha wataalamu, sawa na maji na barabara. Ilibainika kwamba mkazi wa Mukuru hulipia mtungi wa maji zaidi ya anavyolipa mtu wa mtaa wa kifahari mwenye mfereji jikoni. Jambo kama hilo halionekani katika picha iliyopigwa kutoka angani.

Kwa maoni yangu, utaratibu huo ungefaa kuwa sheria kwa kila mtaa unaotazamiwa kubomolewa, na majibu yabandikwe mahali wakazi watayasoma kabla ya tingatinga kufika.

Maofisa wakija kwako na fomu, usiridhike kutoa jina na nambari ya kitambulisho tu. Waulize kama watarudi usiku, wakati mama anapoogopa kwenda choo cha mbali, na siku ya mvua, maji taka yanapoingia vyumbani. Waulize pia ni nani kati yao aliyetoka idara ya afya.