Mkulima wa korosho ameshalipa ada ya chuo

Tangu Januari 2016 mtoto wa mkulima wa bonde la Lukuledi anasoma kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya serikali bila ada, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo imefikishwa kidato cha sita. Lakini vijana wawili waliokaa dawati moja Masasi au Newala wanaweza kuachana njia baada ya matokeo ya kidato cha nne. Anayechaguliwa kidato cha tano anaendelea kusomeshwa na serikali, na akifika chuo kikuu ana haki ya kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mwenzake anayechaguliwa kusomea stashahada ya uuguzi au utabibu anapewa fomu ya kujiunga yenye orodha ndefu ya malipo, na ada ndiyo inayotangulia. Huyu wa pili ndiye atakayemaliza mapema, na ndiye zahanati za vijijini zinayemhitaji zaidi. Naona mpangilio huu umekaa kichwa chini miguu juu. Ada ya astashahada na stashahada katika vyuo vya serikali ilipwe na umma, tukianza na afya, ualimu, kilimo na ufundi. Na kwa watu wa Kusini nasema zaidi: fedha hiyo haitakuwa msaada, kwa sababu mkulima wa korosho ameshaitoa.

Nchi hii haijawahi kuwa na jibu moja kuhusu nani amlipie mwanachuo. Kwa sehemu kubwa ya miongo mitatu ya kwanza ya uhuru, serikali ilibeba gharama za chuo kikuu kwa hoja kwamba taifa lililokuwa na wasomi wachache mno lisingeweza kumwachia kila mzazi kazi ya kuwapata wengine. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980 ikaja sera ya uchangiaji gharama, na kuanzia mwaka 1992 wanafunzi na wazazi wakaanza kubeba sehemu ya mzigo. Mwaka 2004, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Bajeti ya mikopo imekua tangu wakati huo: shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, bilioni 570 mwaka uliofuata, na zaidi ya bilioni 700 mwaka 2023/24. Nayataja haya kwa kuyasifu, maana yanaonyesha kwamba serikali ikiamua kuwa jambo ni muhimu, fedha hupatikana. Ila sehemu kubwa ya fedha hizo imekwenda kwa wanaosoma shahada. Vyuo vya kati, vinavyopokea watoto wengi wa wakulima, vimebaki vikitegemea mfuko wa mzazi.

Mfuko huo wa mzazi una majira yake. Katika nyanda za Makonde na bonde lililo chini yake, fedha ya maana huingia mara moja kwa mwaka. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mkulima aliyepeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi husubiri ununuliwe chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani kabla ya kuona malipo. Kabla ya hapo ameshatumia alichokuwa nacho kwa palizi, salfa na vibarua. Vyuo navyo hufungua milango karibu na wakati huohuo na kutaka malipo ya kuanzia mwanafunzi anaporipoti, na hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopata nafasi. Mzazi ambaye barua ya mwanawe iko mezani anamuuzia korosho kabla ya mnada kwa bei ya kutupa, kwa sababu chuo hakisubiri. Viongozi wa mkoa wa Mtwara wamepiga vita kangomba kwa miaka mingi kwa maonyo na kwa kukamata wahusika. Adui huyo hataisha kwa polisi peke yao, maana anakula kwenye dharura za kaya, na ada ya chuo ni miongoni mwa dharura kubwa kuliko zote.

Bei nayo haitabiriki. Msimu wa 2018/19 wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, Rais John Magufuli akaamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Mwaka 2022 bei mnadani ilizunguka shilingi 2,000, na Oktoba 2024 ikapanda hadi zaidi ya shilingi 4,000. Tuchukue ada ya shilingi milioni 1.2 kwa mwaka kama mfano. Kwa bei ya 2022 mzazi anahitaji kilo 600 kuilipa, na kwa bei ya 2024 kilo 300, kabla ya makato yoyote. Juhudi ya mwanafunzi ni ileile, mikorosho ni ileile, lakini kubaki kwake chuoni kunaamuliwa na soko la korosho la dunia.

Sasa tuutazame ushuru. Korosho ghafi ikisafirishwa nje, sheria inatoza asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 za Marekani kwa tani, kwa kuchukua kile kilicho kikubwa. Anayeandika hundi ni msafirishaji, lakini msafirishaji huyo anapoweka bei mnadani ameshaipunguza kwa kiasi cha ushuru anaojua atalipa, hivyo sehemu kubwa ya mzigo humrudia mkulima. Dola 160 kwa tani ni senti 16 za dola kwa kilo, yaani karibu shilingi 400 kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola. Kaya inayouza tani moja kwa mwaka, ndani ya miaka mitatu ushuru uliotokana na korosho zake ni kama shilingi milioni 1.2, sawa na ile ada ya mfano wetu. Hata tukisema mkulima amebeba nusu tu, bado amechangia nusu ya ada ya mwaka, awe na mtoto chuoni au hana. Zamani asilimia 65 ya ushuru huu ilikwenda kwenye mfuko wa kuendeleza zao lenyewe. Katikati ya mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, licha ya wabunge wa Kusini kupinga kwa sauti. Kama fedha hiyo ilifanywa ya taifa zima, basi taifa nalo lina deni la kumsomesha mtoto wa aliyeitoa.

Wapo watakaosema mkopo unatosha. Ni kweli kwamba Serikali imeupunguzia makali: mwaka 2021 iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 imefungua dirisha la mikopo kwa baadhi ya stashahada, zikiwemo za afya na za kilimo na mifugo. Hizi ni hatua njema. Hata hivyo mkopo umejengwa juu ya ajira yenye hati ya mshahara, kwa kuwa marejesho ni asilimia 15 ya mshahara inayokatwa na mwajiri kila mwezi. Fundi umeme aliyejiajiri Newala Mjini au bwana shamba anayeuza ushauri na pembejeo kijijini hana mwajiri wa kumkata. Ama hatarejesha, na mfuko udhoofike, ama atabanwa katika miaka ile ile anayohitaji mtaji. Tena dirisha lina ukomo wa fani na wa fedha, na mzazi hawezi kupanga maisha kwa kutegemea bahati ya orodha ya waliopangiwa. Ada ikiondolewa, kila aliyechaguliwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba atasoma.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba msomi hufaidi mwenyewe kwa mshahara mkubwa, kwa hiyo si haki mkulima asiye na mtoto chuoni amlipie. Kwa shahada nyingi naikubali hoja hii kwa sehemu, ndiyo maana sipendekezi mikopo ya vyuo vikuu ifutwe leo. Nchi tajiri zenyewe hazikubaliani: Uingereza ilianza kutoza ada mwaka 1998 na kufikia mwaka 2012 vyuo vya England viliruhusiwa kutoza hadi pauni 9,000 kwa mwaka, wakati Ujerumani, baada ya kujaribu ada katika baadhi ya majimbo, ilikuwa imeifuta kote kufikia mwaka 2014. Ila muuguzi wa zahanati na mwalimu wa shule ya msingi hawapokei mshahara wa kuwatajirisha. Faida kubwa ya kazi yao inakwenda kwa mama anayejifungua salama, kwa mtoto anayejua kusoma, kwa mkulima anayeelekezwa dawa sahihi ya mikorosho yake. Mzee asiye na mtoto chuoni ndiye atakayepimwa presha na muuguzi huyo.

Kuhusu ubora, hofu ni ya haki. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005, na madarasa yakajaa kuliko walimu na vitabu vilivyokuwepo. Kosa lilikuwa kuondoa malipo ya mzazi bila kuyafidia kikamilifu na kwa wakati. Vyuo vina kinga ambayo shule za msingi hazikuwa nayo: idadi ya udahili hupangwa kulingana na maabara, wakufunzi na nafasi za mafunzo kwa vitendo. Serikali ikimlipia kila mwanafunzi aliyedahiliwa kiasi kamili kabla ya muhula kuanza, chuo hakitapungukiwa na kitu. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuondoa ada kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Dar es Salaam, Mbeya na Arusha. Kama inawezekana kwenye majiji hayo, sioni sababu ya Chuo cha Ualimu Kitangali wilayani Newala, au cha Maendeleo ya Wananchi Masasi, kuachwa nyuma.

Wengine husema cha bure hakithaminiwi. Jibu lilikwishatolewa zamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400 kati yao na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ujumbe ulikuwa wazi kwamba anayesomeshwa na wananchi anadaiwa nao. Deni hilo linaweza kulipwa kwa kazi badala ya fedha. Aliyesomeshwa bure uuguzi, utabibu au ualimu na aitumikie halmashauri ya vijijini kwa muda sawa na aliosomeshwa, kwa mkataba unaomhakikishia ajira na mshahara kamili. Masharti hayo yatawatuliza wenye hofu, na yatafikisha watumishi mahali ambapo matangazo ya kazi yameshindwa kuwafikisha.

Msimu wa 2024/25 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 500,000 za korosho, na mkoa wa Mtwara ndio uliotangulia. Kila Aprili hadi Juni bajeti hujadiliwa Dodoma. Wabunge wa Masasi, Ndanda, Lulindi, Newala na Tandahimba wasimame na ombi moja lenye hesabu: sehemu maalumu ya ushuru wa korosho itengwe kwa sheria kulipia ada ya vyuo vya kati vya serikali, kwa kuanzia na fani nne nilizozitaja. Nao wazazi, kila mbunge anapokuja kuomba kura, wamuulize alisema nini juu ya hilo. Ada imeshakatwa kwenye kila gunia. Kilichobaki ni mtoto kuipata.