Filamu ya ndoa isiyosikika ni bidhaa mbovu

Mfanyabiashara anayevusha mahindi anajua kwamba yana kipimo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na hata pasipo na mashine, mnunuzi wa Busia au Namanga hutia mkono ndani ya gunia, akatoa punje, akaitafuna. Lakini mnunuzi huyohuyo akichukua filamu ya Kiswahili ya mambo ya ndoa, huangalia kava tu: bibi harusi analia, bwana ameshika simu, mama mkwe amekunja uso. Anafika nyumbani, anawasha deki, na kile ambacho mke anamwambia mumewe chumbani hakisikiki.

Gazeti hili linasema wazi kwamba filamu ya ndoa isiyosikika ni bidhaa mbovu, sawa na mahindi yenye kuvu. Anayeiuza huku akijua ilivyo anamdanganya mteja, na anawaharibia soko wenzake wote wanaoishi kwa biashara ya mpakani.

Filamu ya mapigano huweza kuvumilia uchafu wa picha na sauti. Ngumi ni ngumi, na gari likipinduka kila mtu ameelewa. Kisa cha ndoa hakijengwi hivyo. Hujengwa kwa maneno ya chini chini mezani, kwa kimya cha mume aliyeulizwa alilala wapi, kwa jicho la mke anayesoma ujumbe wa simu usiomhusu. Picha ikiwa na giza, jicho lile halionekani. Sauti ikikwaruza, hadithi nzima imepotea, kwa kuwa chanzo cha ugomvi kilitajwa mara moja tu, tena kwa kunong'ona.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi bidhaa ikishavuka mpaka. Mtazamaji wa Dar es Salaam akikosa neno, hulijaza mwenyewe, maana ni la mtaani kwake. Mtazamaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura, ambaye mara nyingi Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, hana cha kujazia. Wa Goma na Bukavu huenda amekizungumza tangu utotoni, lakini ni Kiswahili cha kwao, si cha Kariakoo, naye anahitaji kusikia kila silabi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Ni hatua njema. Hata hivyo, Kiswahili cha kumkaribisha mkwe, cha kuomba msamaha na cha kumaliza ugomvi wa nyumbani hakimo kwenye hati za mikutano. Kimo kwenye filamu hizi, na asiyezisikia hakipati.

Wafanyabiashara wana haki ya kusema kuhusu ubora, kwa kuwa biashara ya filamu za nyumbani barani Afrika ilikuzwa na watu kama wao. Mwaka 1992 nchini Nigeria, Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kaseti, alitoa Living in Bondage, kisa cha Andy anayemtoa kafara mkewe Merit ili apate utajiri. Ilipigwa kwa kamera ya video, ikauzwa kwa kaseti za VHS watu waitazame majumbani, na mafanikio yake yakalifungulia mlango soko la Nollywood. Kaseti zilikuwa na udhaifu wa asili: kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine ilififia. Ukifika ya nne, nyuso zilikuwa kama zimefunikwa na ukungu na maneno yamezama kwenye mvumo.

Faili la DVD au la flashi halina udhaifu huo. Likinakiliwa mara mia bila kuguswa, la mia litakuwa sawa na la kwanza. Kwa hiyo ubovu mwingi tunaouona leo hauletwi na uchakavu. Kuna mtu ameufanya. Ama ameirekodi filamu kwa simu kutoka kwenye skrini, ama ameibana ili filamu kumi zienee kwenye DVD moja.

Hesabu yake si ngumu. DVD ya kawaida ya upande mmoja hubeba gigabaiti 4.7, zinazotosha filamu ya saa mbili hivi kwa ubora mzuri. Ukitia filamu kumi, kila moja imebaki na chini ya nusu gigabaiti. VCD nazo zina picha ya nukta 352 kwa 288, wakati DVD ina 720 kwa 576. Maana yake VCD ina karibu robo tu ya nukta za DVD, na kwenye runinga kubwa sura ya mwigizaji hugeuka vijiraba. Mteja hudhani amepata filamu kumi kwa bei ya moja, kumbe hana hata moja anayoweza kuifuata hadi mwisho. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, ambayo yangemsaidia mgeni wa lugha, ndiyo ya kwanza kutosomeka.

Stempu ya kodi kwenye kava, kama zilivyoanza kubandikwa Tanzania mwaka 2013, na stika ya hakimiliki inayotolewa Kenya, husaidia kutenganisha kazi halali na ya wizi. Lakini hazimwambii mnunuzi kama sauti inasikika. Tusiwatwike wachuuzi mzigo wote pia. Ziko filamu zinazotoka kwa mtayarishaji zikiwa tayari mbovu: kipaza sauti kilikuwa juu ya kamera, mbali na wanaozungumza, jenereta inanguruma nje ya dirisha, muziki wa huzuni umewekwa kwa nguvu hadi unafunika kilio chenyewe. Mtayarishaji anayetaka soko la nchi nane azisikilize filamu zake kwa masikio ya mtu wa Bukavu kabla ya kuzitoa.

Kwa mamlaka za forodha, ombi letu ni dogo. Upo utaratibu rahisi kwa mizigo midogo ya bidhaa zilizoorodheshwa, isiyozidi thamani ya dola 2,000. Kila kituo kibandike tangazo la Kiswahili linaloeleza filamu halali za nchi wanachama zinapitaje na zinalipiwa nini. Mama anayevusha DVD ishirini zenye stempu asikae foleni moja na mwenye gunia la nakala za wizi.

Kwa wafanyabiashara, tunashauri mambo manne kabla ya kutoa fedha. Usijaribu filamu mwanzoni, peleka katikati. Tafuta mahali ambapo watu wawili wanazungumza chumbani usiku, uone kama unatambua nyuso na unasikia maneno bila kupandisha sauti. Tazama midomo kama inakwenda pamoja na maneno. Rudi nyuma hatua tatu, usome maandishi ya chini. Ikishindwa hapo, irudishe kwa aliyekuuzia, hata kama ni ya bei rahisi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja wa Mutukula au Rusumo aliyesikia ugomvi wote wa sehemu ya kwanza, na kujua nani alikosea, atarudi mwenyewe kuuliza sehemu ya pili.