Mti unaokua mbio, uupande wapi?

Wazazi wapenzi, na nyinyi vijana wetu wa Kasongo na Kabambare, mwezi huu tuzungumze juu ya miti. Hatusemi juu ya miembe ya zamani ya Wangwana, ile tungali tunakaa katika kivuli chake. Tunasema juu ya miti ya kigeni ambayo kijana akirudi kutoka machimbo ya dhahabu na feza kidogo mkononi, anataka kuizungusha parseli yake yote: mikaliptusi, grevilea, akasia, kasia ya maua ya manjano, flamboyani. Anasema: inapendeza macho, inakua mbio, kiisha nitapata mbao. Ni kweli, lakini si kweli pahali pote.

Faida iko, tena kubwa. Machimbo yakifunguliwa, pori la karibu linakwisha upesi: miti ya kushikilia mashimo, miti ya vibanda, kuni za kupikia. Kiisha mama ndiye anatembea mbali zaidi kila mwaka na mzigo kichwani. Mkaliptusi katika udongo mzuri unatoa nguzo za nyumba kwa miaka 5 mpaka 7, na ukiukata, kisiki kinachipuka tena pasipo kununua mche mwingine. Feza ya nguzo hizo inaweza kumlipia mtoto masomo.

Tazameni Mampu, kilomita karibu 140 mashariki ya Kinshasa, juu ya uwanda wa Bateke. Kule walipanda akasia kwenye hektari karibu 8.000, kati ya 1987 na 1993, kiisha wakagawia familia, kila moja hektari 25. Familia inakata kipande kimoja, inachoma makala, inapanda mahindi na mihogo. Moto unapopita juu ya udongo, mbegu za akasia zilizolala zinaamka, zinaota katikati ya mihogo. Mihogo ikiisha kuvunwa, miti inabaki peke yake, na kwa miaka 8 mpaka 10 iko tayari tena. Tena akasia inatia nguvu katika udongo, sawa vile kunde na karanga zinavyofanya. Kule Kivu ya Kaskazini vilevile, tangu 2007, mpango wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima kupanda mikaliptusi, grevilea na akasia, ili makala ya Goma yasitoke katika Hifadhi ya Virunga.

Lakini angalieni: hiyo ni miti ya shamba. Haikupandwa mlangoni.

Jambo la kwanza ni maji. Mkaliptusi unakunywa sana, ndiyo maana unakua mbio hivyo. Kenya watu waliupanda mpaka kwenye kingo za mito, na mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, akaagiza ile iliyo karibu na maji ikatwe. Sisi wengi tunachota katika chemchem ya bonde. Anayepanda mikaliptusi pale juu ya chemchem anapata nguzo zake, na mtaa mzima unapata shida wakati wa kiangazi. Basi, wazee wa mtaa wamkataze mapema, mche ungali mdogo. Akiisha kungoja miaka mitano hatakubali.

Jambo la pili ni upepo. Mnajua namna mvua za kwanza zinavyokuja hapa kwetu. Grevilea inavunjika matawi kwa urahisi, na ule mti wa maua mekundu kama moto, ambao watoto wanarushiana maji ya machipukizi yake, mbao yake ni laini kabisa. Mizizi ya flamboyani inatambaa juu juu na kuinua ukuta, sembuse ukuta wa matofali mabichi. Mti utakaofika metre 20, upande hatua 25 mbali na nyumba, na mbali na darasa la watoto. Kama parseli haina nafasi hiyo, mti huo si wa parseli yako. Panda avoka, utakula na kivuli utapata.

Seremala naye atawaambia neno lingine: mbao ya mkaliptusi mchanga inapasuka na kujipinda ikikauka. Nguzo ni kitu kimoja, mbao ya meza ni kitu kingine. Hiyo inataka miaka mingi zaidi. Na grevilea, inayosifiwa sana, inapenda vilima vya baridi sawa Kivu kuliko joto letu. Kasia inavumilia hapa, kuni zake ni nzuri na moyo wake ni mgumu, lakini majani yake ni sumu kwa nguruwe. Mwenye kufuga asiipande karibu na zizi.

Sasa neno ambalo watu wanalisahau. Mti uliopandwa unaleta ugomvi kuliko muhogo, kwa sababu unakaa. Jirani anasema umepita mpaka. Baba akifa, ndugu zake wanakuja na shoka, na mjane anatazama. Sheria ya misitu ya 2002, kifungu cha 9, inasema miti iliyo katika shamba la mtu ni mali ya yule mwenye shamba. Lakini shamba hilo ni la nani? Hapo ndipo maneno yanaanza. Basi, kabla ya kupanda, mwite jirani na mkubwa wa kijiji, mpime mpaka pamoja, mwandike karatasi yenye jina la baba na la mama pia, na mama aishike karatasi yake.

Miche itoke kwenye pepinyeri mvua zikiisha kushika vizuri, mwezi wa kumi hivi. Izungusheni miiba, kwa sababu mbuzi wa jirani hawasomi gazeti hili, na mfyeke majani kuizunguka kwa miaka miwili ya kwanza, zaidi kabla ya kiangazi, wakati watu wanapochoma pori.